UZI MAALUM: Tenisi msimu wa 2025, twende pamoja kuanzia Melbourne mpaka Turin

Fundi Bekihendi (mleta uzi), 26 Januari

Wakuu habari za Jumapili. Nimetafuta uzi wa tenisi humu ndani nikakuta wa mwisho ulikufa tangu Nadal anaaga pale Malaga mwezi wa 11, watu wakalia wee, wakaweka vimoyo, kisha wote wakarudi kwenye Simba na Yanga. Sasa naanzisha huu, tutaenda nao mwaka mzima. Anayejua aseme, asiyejua aulize, hamna swali la kijinga humu, isipokuwa lile la kwanini wanahesabu 15, 30, 40, hilo tukilianza hatulali.

Leo Sinner kamchapa Zverev 6-3, 7-6, 6-3 na kabeba Australian Open mara ya pili mfululizo. Nimekaa mbele ya tv saa 5 na nusu asubuhi nikijua nitakaa mpaka alasiri, kumbe wapi, jamaa kamaliza kazi chini ya masaa matatu. Zverev mechi nzima hajapata breki pointi hata moja (pointi ya kumnyang'anya gemu mwenzio anayesevu, yaani anayeanzisha mpira), yaani HATA MOJA, unaenda fainali ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka, na hupati nafasi moja ya kumtisha mwenzio kwenye sevu yake. Hiyo ni fainali yake ya tatu ya Grand Slam na zote kapoteza, na alivyokuwa analia pale kwenye hafla hata mimi nisiyempenda nilimwonea huruma.

Ila mechi ya kuangalia ilikuwa jana, fainali ya wanawake. Madison Keys, miaka 29, mara ya mwisho kufika fainali kubwa ilikuwa US Open 2017 na alipigwa 6-3, 6-0 na rafiki yake Sloane Stephens, watu wakamzika. Safari hii kwenye nusu fainali kaokoa mechi pointi (pointi moja tu na angetolewa) dhidi ya Swiatek, akashinda taibreki ya mwisho, ile gemu ya kuamua seti iliyofungana, 10-8, alafu fainali anakutana na Sabalenka aliyekuwa anatafuta kombe la tatu mfululizo pale pale. 6-3, 2-6, 7-5. Na kocha wake ni mume wake, Bjorn Fratangelo, aliyemshawishi abadilishe raketi, kitu ambacho mchezaji mwenye miaka zaidi ya kumi kwenye gemu hakikubali kirahisi.

Msimamo wangu naupanda hapa mapema ili mtu asije kusema sikusema: mwaka huu ukitaka tenisi yenye presha fuata kina dada. Kwa wanaume utajua fainali siku droo inatoka.

Mzee wa Federer, 26 Januari

Mleta uzi hongera kwa juhudi ila tenisi ilishazikwa London 2022, siku Roger Federer anaaga, yeye na Rafa Nadal wamekaa kwenye benchi wanalia wameshikana mikono. Hawa watoto wa siku hizi wote wanacheza kitu kimoja, wanasimama nyuma kule wanapiga kwa nguvu mpaka mmoja achoke. Hamna mtu anayekuja neti, hamna bekihendi (lile pigo la kugeuza mgongo wa mkono) ya mkono mmoja, hamna uchawi. Na hao kina dada ndo usiniambie, kila wiki bingwa mpya, hata majina siyashiki.

Dada wa Wimbledon, 27 Januari

Mzee shikamoo. Musetti anapiga bekihendi na mikono mingapi? Na Dimitrov je? Kama huwaoni ni kwa sababu unasubiri fainali tu. Kuhusu majina ya wasichana nitakuandikia kwenye karatasi nikuletee 😂

Nairobi Raketi, 16 Februari

Wasee mmeona hii maneno ya Sinner? Jana WADA, wale wa kupambana na dawa haramu michezoni, wamekubaliana naye afungiwe miezi mitatu, kuanzia 9 Februari hadi 4 Mei. Sasa angalieni kalenda vizuri. Anakosa Indian Wells, Miami, Monte Carlo, Madrid. Anarudi lini? Rome, nyumbani kwao, wiki chache kabla ya Roland Garros, ile Grand Slam ya Paris. Hakosi Grand Slam hata moja. Manze hata likizo yangu kazini haipangwi vizuri hivyo.

Fundi Bekihendi, 16 Februari

Mkuu nikuwekee mlolongo kwa faida ya wageni. Machi 2024 alipimwa mara mbili akakutwa na chembechembe ndogo sana za clostebol, dawa iliyopigwa marufuku michezoni. Maelezo yake ni kwamba mtu wake wa viungo alijikata kidole, akajipulizia dawa ya kidonda iliyonunuliwa na mtu wa mazoezi, alafu akawa anamfanyia masaji kwa mikono mitupu. Jopo huru likamsikiliza likasema hana kosa, na WADA wenyewe hawakupinga hadithi hiyo, walichokatia rufaa ni kwamba mchezaji anabeba dhamana ya watu anaowaajiri. Ndo wakamalizana kwa miezi mitatu kabla ya kesi kusikilizwa.

Kwa hiyo mimi sina shida na swali la alidanganya au hakudanganya. Shida yangu ni kasi. Mwangalie Simona Halep, alifungiwa miaka minne, akahangaika na rufaa mpaka ikashushwa kuwa miezi tisa, wakati huo alishakaa nje karibu mwaka na nusu, na mwezi huu huu kastaafu kwao Romania, goti na bega vimekataa. Au Kamil Majchrzak wa Poland, alikaa nje miezi 13 kwa kinywaji kilichochafuliwa, akarudi bila nafasi yoyote kwenye viwango, akaanzia chini kabisa. Wana wa Kigali mnamjua huyo, ndo aliyechukua ile Challenger (mashindano ya ngazi ya chini) ya kwanza pale Ecology Tennis Club mwaka jana. Namba moja wa dunia ana wanasheria wa maana na kesi yake inasikilizwa fasta, namba 80 anasubiri barua. Hapo ndo pananiuma.

Mzee wa Federer, 16 Februari

Leo nakubaliana na wewe, ila usizoee.

Fundi Bekihendi, 31 Machi

Machi imeisha, kwa ufupi maana nimebanwa na kazi.

Mirra Andreeva. Miaka 17. Kachukua Dubai mwezi wa pili, kaja kuchukua Indian Wells kwa kumpiga Swiatek nusu fainali na Sabalenka fainali 2-6, 6-4, 6-3. Kocha wake ni Conchita Martinez, bingwa wa Wimbledon 1994, na wale wawili wanavyotaniana pale pembeni ya uwanja utadhani ni mtu na shangazi yake. Kwenye hotuba akajishukuru yeye mwenyewe kwa kujiamini na kutokata tamaa. Kuna watu wamekasirika, mimi nimecheka sana, nani mwingine alikuwa anapiga hiyo mipira?

Miami kwa wanaume Jakub Mensik, miaka 19, kamfunga Djokovic 7-6, 7-6 na kumnyima kombe la 100 la maisha yake. Sasa sikilizeni hii. Mensik kabla ya mechi yake ya kwanza goti lilikuwa linauma kiasi kwamba alichukua karatasi ya kujitoa akaenda kumtafuta mwamuzi mkuu asaini. Mwamuzi alikuwa anakula lanchi. Basi akapita kwa daktari wa viungo wakati anasubiri, wakamshughulikia, akaamua ngoja nijaribu. Sahani moja ya chakula imempa kijana kombe la Masters, ngazi moja chini ya Grand Slam.

Na mtoto wa Ufilipino, Alexandra Eala, kaingia kwa wildkadi (nafasi ya kualikwa), kawapiga Keys na Swiatek, kafika nusu fainali. Mzee wa Federer ongeza kwenye karatasi yako.

Dada wa Wimbledon, 25 Mei

Djokovic jana kapata la 100 pale Geneva, siku mbili baada ya kutimiza miaka 38. Na leo Paris wamemfanyia Nadal sherehe, wameweka alama ya mguu wake kwenye uwanja wa Philippe-Chatrier, ya kudumu. Federer, Djokovic na Murray wote walikuja wakasimama naye. Nimelia nikiwa napika, maharage yameungua. Mzee wa Federer uko salama?

Mzee wa Federer, 25 Mei

Niacheni leo.

Fundi Bekihendi, 8 Juni, saa 6 usiku

Sijalala na sitalala. Naandika hivi hivi msinikosoe.

Leo mechi inaanza saa 10 jioni niko baa moja ya Tabata, tv tatu, mbili ziko kwenye miziki na moja nimembembeleza dada wa kaunta aniwekee fainali ya Roland Garros kwa sharti kwamba saa 4 usiku watu wanataka Ureno na Hispania, fainali ya Nations League, nikamwambia dada tenisi saa 4 usiku itakuwa ishaisha zamani hata msiwe na wasiwasi. Sinner kachukua seti ya kwanza, kachukua ya pili kwa taibreki, na mtu huyu hajapoteza seti hata moja tangu mashindano yaanze, nikaanza kuita bili. Alcaraz akachukua ya tatu. Sawa, heshima. Seti ya nne Sinner anaongoza gemu 5-3, Alcaraz anasevu, na ubaoni pamesomeka 0-40.

Kwa wale wageni: 0-40 hapo maana yake Sinner ana pointi tatu za ubingwa mkononi. Anahitaji MOJA. Na Alcaraz maisha yake yote hajawahi kushinda mechi akiwa nyuma kwa seti mbili.

Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Baa nzima imeanza kugeuka, kuna jamaa wa bodaboda kashika helmeti kwapani hajakaa wala hajaagiza kitu, ananiuliza "huyu wa nywele nyekundu akipata hii inaisha?" Namwambia inaisha. Ya tatu ikapita! Alcaraz kashinda ile gemu, kambreki Sinner akisevu kumaliza, kachukua taibreki, tunaenda seti ya tano. Dada wa kaunta ananiangalia, rimoti anayo mkononi, saa 3 imefika.

Seti ya tano Alcaraz anasevu kumaliza yeye, 5-4, Sinner kamrudisha. Miguu imekwisha ila mkono bado unafanya kazi. Tukaenda kwenye ile taibreki ndefu ya pointi 10 na hapo Alcaraz akacheza kama mtu aliyetoka kulala usingizi mzuri, 10-2, pointi ya mwisho anakimbia pembeni kabisa anapiga forihendi inanyooka na mstari, kisha huyo chini kwenye udongo. Masaa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote Roland Garros. Na ukijumlisha pointi zote za mechi, Sinner kashinda 193 na Alcaraz 192. Aliyeshinda pointi nyingi ndo kapoteza.

Mpira ulianza kama dakika ishirini na kitu baadaye, Hispania kapigwa kwa penati na Ureno, hakuna aliyejali kwenye meza yetu. Bodaboda aliniomba jina la Alcaraz nimwandikie.

Mzee wa Federer, 9 Juni

Naomba niandike kwa kumbukumbu za uzi huu. Mleta uzi mwezi wa kwanza alisema wanaume utajua fainali siku droo inatoka. Sawa, nilijua fainali. Na nikaikalia masaa matano na nusu sijaenda hata chooni. Kujua nani atacheza si sawa na kujua nani atashinda.

Dada wa Wimbledon, 9 Juni

Na ya Jumamosi mmeisahau? Coco Gauff kamfunga Sabalenka 6-7, 6-2, 6-4, Mmarekani wa kwanza wa kike kubeba Paris tangu Serena 2015. Upepo ulikuwa unapeleka mipira unakotaka, Sabalenka akagoma kupunguza nguvu, akafanya makosa 70 ya mwenyewe, Coco akawa anarudisha tu mpira, rudisha, rudisha, mpaka mwenzie akapasuka. Baada ya mechi Sabalenka akaongea maneno makali kwamba yeye ndo kacheza vibaya, baadaye akaomba radhi. Kuna akili kubwa kwenye kushinda mechi mbaya na watu hawaipi thamani.

Fundi Bekihendi, 9 Juni

Dada umemaliza. Mzee, hoja yako nimeisikia ila msimu haujaisha.

Nairobi Raketi, 7 Julai

Wimbledon mwaka huu wametoa waamuzi wa mistari wote, mara ya kwanza katika miaka 147, sasa ni mashine inaita "out". Jana kwenye mechi ya Pavlyuchenkova na Kartal mpira umetoka nje kila mtu ameona, mashine kimya, kumbe kuna mtu aliizima kimakosa kwa ule upande. Refa mwenyewe anaona mpira umeenda nje, badala ya kuita, anasema tucheze pointi upya! Pavlyuchenkova akapoteza hiyo gemu, bahati yake alishinda mechi. Hawa walituambia watu ndio hukosea.

Pia, yule Majchrzak wa Kigali amefika raundi ya nne, kumi na sita bora. Khachanov amemtoa, lakini si mbaya kwa mtu aliyeanza upya kwa Challenger.

Fundi Bekihendi, 13 Julai

Niwe mkweli na siku hizi mbili.

Jana Swiatek kampiga Amanda Anisimova 6-0, 6-0. Dakika 57. Fainali ya Wimbledon ya wanawake kuisha hivyo haijatokea tangu 1911. Huyu Swiatek mwaka mzima hakuwa na kombe, watu walishasema nyasi si uwanja wake, kaja kama wa nane kwenye orodha. Na yule Anisimova mwaka jana alishindwa hata kufuzu kuingia Wimbledon, 2023 aliacha kabisa tenisi kwa miezi kadhaa akili ipumzike, na mwaka huu kwenye nusu fainali kamtoa Sabalenka. Kafika kwenye siku kubwa ya maisha yake mikono ikagoma. Kwenye kipaza sauti alimshukuru mama yake aliyeruka kuja kumwona huku machozi yanamtoka, nikazima sauti sikuweza.

Leo Sinner kamlipa Alcaraz, 4-6, 6-4, 6-4, 6-4. Wiki tano baada ya Paris! Alikuwa kafungwa na Alcaraz mara tano mfululizo. Na isisahaulike kwamba raundi ya nne Dimitrov alikuwa anaongoza seti mbili bila, akapiga sevu, misuli ya kifua ikachanika, akashindwa kuendelea, Sinner mwenyewe akaenda kumsaidia. Bila hiyo tungekuwa tunaongea mengine. Mwitaliano wa kwanza kuchukua Wimbledon ya mmoja mmoja.

Mzee wa Federer, 13 Julai

Dakika 57. Hiyo ndo presha uliyotuahidi mwezi wa kwanza? Mimi nilichelewa kuwasha tv nikakuta wanagawa kombe 😂😂

Fundi Bekihendi, 13 Julai

Subiri New York mzee wangu.

Mkongo wa Ontario, 8 Agosti

Bandugu nawasalimia toka huku Kanada. Mleta uzi umekawia sana kuandika juu ya Victoria Mboko! Miaka 18, wazazi wake wametoka Congo, yeye amezaliwa Marekani amekulia hapa Burlington, si mbali na kwangu. Mwezi wa kwanza alikuwa nafasi ya 300 na kitu, anacheza mashindano madogo ya ITF, ngazi ya chini kabisa. Paris amepita kwa kufuzu akafika raundi ya tatu. Na jana Montreal, amepewa wildkadi tu, amebeba kombe ya WTA 1000, ile ngazi ya wanawake iliyo chini tu ya Grand Slam! Amewatoa Gauff na Rybakina, na kwa Rybakina ameokoa mechi pointi na amekwanguka mkono ameanguka chini, siku ifuatayo amefungwa bendeji anacheza fainali na Naomi Osaka, anapoteza seti ya kwanza 2-6, alafu 6-4, 6-1. Kwa nyumba yetu hakuna mtu amelala. Mama yangu hajui hata sheria za tenisi, anauliza tu "mutoto ameshinda?"

Dada wa Wimbledon, 8 Agosti

Hongereni ndugu zetu! Na nimependa jinsi dogo hashangilii kwa makelele, anapiga magoti tu anashangaa.

Nairobi Raketi, 8 Agosti

Hii inanikumbusha Angella Okutoyi wetu, 2022 alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili na Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kushika kombe la Grand Slam hata kama ni la junia. Baada ya hapo akaenda chuo Auburn kule Marekani. Talanta iko, lakini kutoka junia hadi mia bora unahitaji kusafiri wiki thelathini kwa mwaka na kocha kando yako, na tiketi, na hoteli, na huku kwetu mashindano ya kutafuta pointi ni ya kuhesabu. Mboko alikuwa na mashindano ya kucheza karibu na nyumbani. Sio kuchukia, nasema tu.

Fundi Bekihendi, 4 Septemba

Mzee wa Federer ingia humu.

INGIA HUMU.

Robo fainali ya US Open, jana. Anisimova na Swiatek. Haijafika miezi miwili tangu zile 6-0, 6-0. Gemu ya kwanza tu Swiatek kambreki nikasema haya tumerudi kulekule, na Anisimova akafunga mlango. 6-4, 6-3! Kasema baadaye kwamba usiku wa kuamkia mechi alijilazimisha kuirudia video ya ile fainali ya Wimbledon ili aone kosa liko wapi. Unaelewa hiyo inahitaji nini? Kukaa chumbani peke yako unaangalia dunia nzima inavyokuona unavuliwa nguo. Ndo presha niliyokuwa nasema mwezi wa kwanza, haipimwi kwa saa.

Pia Gauff kafika huku na kocha mpya wa sevu, Gavin MacMillan, yule yule aliyewahi kuitengeneza sevu ya Sabalenka ilipokuwa imeoza. Katolewa na Osaka ila nampa heshima, mtu bingwa wa Roland Garros anakuja Grand Slam anafumua sevu yake mbele ya kamera. Na Taylor Townsend, kwanza akatukanwa na Ostapenko kwamba hana elimu, akajibu kwa kucheza, akamtoa Andreeva, kisha akapata mechi pointi NANE dhidi ya Krejcikova na zote zikapotea. Nane.

Mzee wa Federer, 4 Septemba

Nimeingia. Nimeiona. Nilikuwa naiangalia. Huyo binti ana bekihendi kama ya watu wa zamani, sitaki maswali.

Fundi Bekihendi, 8 Septemba

Fainali zimeisha. Sabalenka kamfunga Anisimova 6-3, 7-6, kombe lake pekee kubwa mwaka huu baada ya kupoteza fainali Melbourne na Paris, na ndo mwanamke wa kwanza kutetea US Open tangu Serena 2014. Namba moja mwaka mzima na bado ilibidi asubiri mpaka Septemba.

Wanaume mechi ilichelewa kuanza karibu saa nzima kwa sababu Trump alikuja na ulinzi ukawa wa uwanja wa ndege, watu bado wanaingia huku wameshaanza kucheza. Alcaraz kamchapa Sinner 6-2, 3-6, 6-1, 6-4, na karudi namba moja. Alikuja New York na kipara, kaka yake alimnyoa akakosea na mashine ikabidi zote ziondoke. Seti moja tu kapoteza mashindano yote. Sinner baada ya mechi hakujitetea, kasema anatabirika sana na lazima abadilishe vitu hata kama ataanza kupoteza mechi.

Djokovic nusu fainali zote nne mwaka huu, miaka 38. Zote kaishia hapo hapo. Sijui nimpongeze au nimhurumie.

Nairobi Raketi, 13 Oktoba

Valentin Vacherot. Nafasi ya 204. Monaco. Shanghai hata kufuzu hakuwa na uhakika wa kuingia, alikuwa kwenye orodha ya kusubiri watu wajitoe. Amemshinda Djokovic kwa nusu fainali, halafu fainali amekutana na nani? Binamu yake, Arthur Rinderknech! 4-6, 6-3, 6-3. Hakuna mtu wa chini hivyo kwenye viwango amewahi kushinda Masters. Zaidi ya dola milioni moja, na hiyo ni zaidi ya pesa zote alizowahi kushinda kabla. Fundi, wewe ulisema wanaume tunajua mwisho?

Fundi Bekihendi, 13 Oktoba

Alcaraz hakwenda na Sinner alijitoa kwa kukaza misuli. Wakitoka wale wawili ndo milango inafunguka, hoja yangu hiyo hiyo 😂 Ila hii stori nimeipenda mno.

Na kwa wanaolia kwamba kalenda ndefu, Masters zimekuwa za wiki mbili, majeraha kila kona, nakubali, ila wiki hii hao hao wanaenda Riyadh kwenye Six Kings Slam, maonyesho tu yasiyo na pointi, bingwa anaondoka na dola milioni 6. Wakisema wamechoka tuwaulize wamechoka nini.

Dada wa Wimbledon, 9 Novemba

Riyadh WTA Finals, ya kina dada wanane bora wa mwaka, Rybakina kamfunga Sabalenka 6-3, 7-6, taibreki 7-0, hajapoteza mechi hata moja wiki nzima. Dola milioni 5.235, hela kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa bingwa wa kike. Na huyu alikuwa wa mwisho kuingia kati ya wale wanane, kaingia kwa kukimbizana mpaka Tokyo wiki ya mwisho. Hacheki, hashangilii, kashika kombe kama kapewa risiti.

Fundi Bekihendi, 17 Novemba

Turin jana, fainali ya wanaume wanane bora wa mwaka. Sinner 7-6, 7-5 dhidi ya Alcaraz, hajapoteza seti wiki nzima, uwanja mzima wa Waitaliano unaimba. Alcaraz alifungwa paja bendeji katikati ya mechi, hata hivyo anamaliza mwaka akiwa namba moja. Makombe ya mwaka 8 yake, 6 ya Sinner. Mwaka huu wamekutana mara sita, Alcaraz nne.

Ukianza kuhesabu Grand Slam tangu Januari 2024 ziko nane, na zote nane zimegawanywa na hawa wawili, nne kwa nne, hamna mtu wa tatu aliyeonja. Mwaka huu kwa wanawake: Keys, Gauff, Swiatek, Sabalenka, Riyadh Rybakina, na katikati yao Andreeva na Mboko ambao hata leseni ya gari ndo kwanza. Mzee wa Federer, sema unachosema.

Mzee wa Federer, 17 Novemba

Nasema hivi. Mechi ya mwaka ni Paris, Juni 8, hilo hunibadilishi hata unipe hela. Mtu wa mwaka ni Anisimova. Gawana.

Fundi Bekihendi, 17 Novemba

Nimegawana.

Nairobi Raketi, 17 Desemba

Alcaraz ameachana na Juan Carlos Ferrero!! Miaka saba pamoja, tangu akiwa mtoto wa miaka 15, Grand Slam sita. Na anaenda Melbourne, kombe pekee kubwa ambalo hana. Nani anafukuza kocha baada ya msimu kama huu?

Dada wa Wimbledon, 17 Desemba

Ferrero mwenyewe kaandika kwamba angetamani kuendelea. Hapo kuna jambo la mikataba, mtaona.

Fundi Bekihendi, 17 Desemba

Kocha anayebaki, Samuel Lopez, alikuwepo kwenye timu mwaka mzima, Alcaraz haanzi na mgeni. Mimi wasiwasi wangu ni siku ile yuko nyuma seti mbili, anageuka kuangalia boksi wanapokaa makocha, ile sura aliyoizoea haipo.

Melbourne inaanza 18 Januari. Mechi za mchana kule huku kwetu ni saa 9 usiku, za usiku ni saa 5 asubuhi, wenye maofisa wakali jipangeni. Nani anataka tuweke utabiri mapema?

Mzee wa Federer, 17 Desemba

Mboko robo fainali, weka jina langu. Na fungua uzi mpya, huu umekuwa mrefu simu yangu inaganda.